Nungunungu wa bahari, chaza au kaa wa mikoko: uchukue seli za kinga kwa nani?

Mtu anayeanza utafiti wa kinga ya viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo mara nyingi huanza kuuliza kuhusu chakula cha seli: nitumie maji gani ya kukuzia, seramu niongeze kiasi gani, antibayotiki zipi zinafaa. Ni maswali mazuri, ila mahali pake ni baadaye. La kwanza ni mnyama. Ukishamchagua mnyama umeshachagua pia dawa ya kuzuia kuganda, kasi itakayotakiwa mikononi mwako, wadudu utakaopambana nao kwenye sahani, na hata muda ambao seli zitakubali kuishi nje ya mwili.

Nalinganisha hapa wanyama watatu ambao mtu wa pwani ya Kenya na Tanzania anaweza kuwapata bila meli ya utafiti. Wa kwanza ni nungunungu wa bahari, hasa Tripneustes gratilla, yule wa miiba mifupi anayekula nyasi za bahari. Wa pili ni chaza wa miambani, Saccostrea cucullata. Wa tatu ni kaa wa mikoko, Scylla serrata. Jongoo bahari nitamgusa kwa kupita.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji ajue naelekea wapi. Kwa anayeanza, mwenye hadubini ya kawaida na sentrifuji ndogo, ningemwambia aanze na nungunungu wa bahari. Anayepima athari za uchafuzi wa maji achukue chaza, hata kama kazi yake inachosha. Kaa namwachia aliyeshapata mkono, isipokuwa kama swali lenyewe ni la magonjwa ya kaa na kamba, maana hapo hakuna wa kumbadilisha naye.

Kukuza kunakomaanisha kuweka hai

Seli za kinga zinazozunguka mwilini mwa wanyama hawa zimeshakomaa. Zikitolewa nje hazigawanyiki, au zinagawanyika kwa nadra kiasi kwamba huwezi kuzitegemea. Huwezi kuagiza chupa ya ukoo wa kudumu wa seli za kinga za chaza au kaa kama watu wanavyoagiza seli za HeLa, zile za binadamu zinazogawanyika maabarani bila kikomo. Ukoo wa moluska uliozoeleka katika maabara za dunia, unaoitwa Bge, ulianzishwa na Eder Hansen mwaka 1976, tena kutokana na viinitete vya Biomphalaria glabrata, konokono wa maji baridi anayebeba kichocho huko Amerika. Bahari haina mwenzake wa namna hiyo kwenye seli za kinga.

Kwa hiyo tunaposema tunakuza seli hizi, tunamaanisha kwamba tunaziweka hai huku zikiendelea na tabia zake: kushika, kutambaa, kumeza bakteria, kumwaga sumu zake. Jambo hili lapaswa kuunda utafiti tangu karatasi ya kwanza. Kumeza chembe kunaonekana ndani ya saa moja. Uimara wa lisosomu, vile vifuko vya kumeng'enyea ndani ya seli, unapimika ndani ya saa chache. Jeni zinazoitikia vipande vya bakteria unaweza kuzifuata kwa saa 24, na sumu ya metali au dawa kwa siku mbili tatu. Pendekezo la utafiti linalotaka seli zilezile ziendelee kwa miezi limeshaingia matatani kabla ya mnyama kutoka majini, na inaniuma kuona wanafunzi wenye bidii wakipoteza mwaka mzima kwa kuwa hakuna aliyewaambia hivyo mwanzoni.

Anayehitaji mgawanyiko wa kweli afuate tishu inayozaa seli za damu, aachane na damu yenyewe. Njia hiyo imefanikiwa zaidi kwa kamba wa maji baridi Pacifastacus leniusculus katika maabara ya Uppsala, Sweden, ambako mwaka 2005 ilielezwa protini ya astakini inayochochea seli hizo zizaliane. Ni kazi nzuri sana, lakini tena si ya baharini.

Nungunungu wa bahari: seli nyingi, na unaona zinachofanya

Upatikanaji wake ni rahisi. Maji ya bamvua yakikupwa, Tripneustes anaonekana kwenye nyasi za bahari akiwa amejifunika vipande vya majani na magamba. Katika ghuba kadhaa za Kenya amewahi kuongezeka hadi akafyeka nyasi hizo, kwa hiyo kuwachukua wachache si kuwaonea. Angalia tu usimchanganye na Toxopneustes pileolus, ambaye juu yake kumejaa viua vidogo: vile viua ni koleo zenye sumu, na mtu hamshiki kwa mkono mtupu. Diadema mwenye miiba mirefu myeusi naye ana seli nzuri, ila miiba yake inakatikia mwilini na kazi inakuwa ya maumivu.

Ndani ya gamba lake kuna uwazi mkubwa uliojaa maji, na seli za kinga, yaani koelomositi, zinaelea humo. Mgeuze mdomo juu. Kuzunguka meno yake matano kuna ngozi laini, na sindano inapita hapo kwa mshazari bila kuvunja kitu. Mnyama mkubwa anatoa mililita kadhaa bila taabu, kisha anarudi kwenye tangi na kuendelea kula. Ni faida kubwa, kwa sababu unaweza kumfuata mnyama yuleyule kabla na baada ya kumchoma chembe za bakteria, jambo ambalo kwa chaza ni gumu.

Adui hapa ni kushikamana. Seli hizi zikitoka nje zinatafutana na kufanya donge ndani ya dakika chache, na donge likishakaa huwezi kulifungua bila kuziumiza. Zinahitaji kalisiamu ili zishikane, kwa hiyo dawa yake ni EDTA inayoikamata kalisiamu. Mchanganyiko wa kawaida una chumvi molari 0.5, Tris milimolari 20 na EDTA milimolari 30, kwa pH ya karibu 7.5. Uwe ndani ya bomba la sindano tayari, wa baridi, kabla sindano haijagusa ngozi. Anayechota kwanza ndipo akimbilie kuchanganya ameshachelewa.

Sasa weka tone kwenye kioo. Utaona seli za aina nne bila rangi yoyote ya kuongeza. Kuna fagositi, yaani seli zinazomeza wadudu, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi, na ndani ya robo saa zinajitandaza kwenye kioo kwa utando mpana mwembamba. Kuna seli zenye mkia zinazozunguka kwa kasi na kupita mbele ya macho kabla hujazihesabu. Kuna seli za chembe nyekundu, zilizobeba rangi ya ekinokromu inayozuia bakteria, na wenzake wasio na rangi. Kwa mwanafunzi, saa moja kwenye hadubini hiyo inafundisha zaidi ya mihadhara mingi. Na ndiko elimu hii ilikoanzia: mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sisilia, Ilya Metchnikoff alichomeka miiba ya waridi ndani ya buu angavu wa kiti cha pweza, jamaa wa nungunungu huyu, akaona seli zikikusanyika kuizingira. Kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich.

Kwa uangalizi wa siku moja hadi chache, myeyusho mwepesi wa chumvi molari 0.5, magnesiamu kloridi milimolari 5, EGTA (nayo hukamata kalisiamu) milimolari 1 na HEPES milimolari 20, pH 7.2, unatosha. Kalisiamu chache iliyobaki inaziruhusu kujitandaza bila kushikamana. Ukitaka siku zaidi unahamia kwenye chakula kamili, ambacho nitakifikia.

Kuna sababu nyingine ya kumpendelea. Jenomu ya nungunungu wa zambarau wa Pasifiki, Strongylocentrotus purpuratus, ilichapishwa mwaka 2006, na wataalamu wa kinga walikuta jeni 222 za familia ya vipokezi vya Toll. Binadamu tuna 10. Kwa mnyama asiye na kingamwili, huo ni utajiri wa kutambua wadudu ambao bado haujaelezwa wote. Na kwa upande wetu wa bahari swali si la vitabuni tu: tangu 2022 vifo vya halaiki vya Diadema vilivyoanzia Karibiani na Mediterania vimeshuhudiwa katika Bahari ya Shamu, Oman na Réunion, na kisababishi kilichotambuliwa ni siliati, kiumbe wa seli moja mwenye vinyweleo, wa jamii ya Philaster. Seli za kinga za nungunungu zinakutanaje na siliati huyo? Hilo linaweza kufanyiwa kazi katika maabara yoyote ya pwani ya Afrika Mashariki yenye sindano na hadubini.

Kasoro zake zipo. Rangi nyekundu inaingilia vipimo vinavyosoma rangi kwenye sahani za visima, kwa hiyo kila kipimo kinahitaji visima vya kulinganisha visivyo na kitendanishi. Mchanganyiko wa aina nne za seli una maana kwamba badiliko unaloliona linaweza kuwa ni uwiano uliobadilika, wala si seli zenyewe. Tena mnyama aliyetoka baharini leo ana kinga iliyochangamka, na wawili waliookotwa hatua chache wanaweza kutofautiana sana. Waliofanya kazi na nungunungu kwa miaka mingi huwatuliza tangini kwa miezi kabla ya majaribio ya kuchochea kinga. Usipoweza hivyo, ongeza idadi ya wanyama na usiwachanganye kwenye chupa moja.

Chaza: shahidi wa maji anamoishi

Chaza anachuja maji mchana na usiku, kwa hiyo kilichomo majini kimo ndani yake. Kwa swali la maji taka, metali za bandarini au mafuta, hakuna mwingine katika hawa watatu anayemfikia. Seli zake, hemositi, zimegawanyika kwa makundi mawili makubwa, zenye chembechembe na zisizo nazo, na zile zenye chembechembe ni walaji hodari wa bakteria. Tena zimejaa lisosomu, na hapo ndipo kipimo cha rangi nyekundu ya nyutro kinapoingia: seli nzima inaishikilia rangi ndani ya lisosomu, seli iliyoteswa inaivujisha. Unahitaji hadubini ya kawaida na saa ya kuhesabia dakika. Kipimo hiki kimetumiwa kwa kome na chaza katika pwani nyingi za dunia, kwa hiyo matokeo yako yanaweza kuwekwa karibu na ya wengine.

Tabu inaanza kwenye kuchota. Damu yake haina mrija wa kuichomea sindano. Inapita katika nafasi zilizo ndani ya tishu, na mahali pa kuaminika ni ndani ya msuli unaofunga gamba. Unaweza kutoboa pengo ukingoni mwa gamba karibu na msuli huo, au kumlegeza chaza kwa magnesiamu kloridi, gramu 50 kwa lita katika maji yaliyochanganywa ya bahari na baridi, hadi afunguke mwenyewe. Njia ya pili ni ya taratibu na inamwacha mnyama hai. Chaza wetu wa miambani ni mdogo, anatoa kiasi kidogo, na sindano ikiteleza nje ya msuli unavuta maji ya kati ya magamba ukidhani ni damu. Dalili yake ni seli chache na bakteria wengi. Ukiona hivyo tupa, usijaribu kuokoa sampuli hiyo.

Kwa udogo huo wengi wanachanganya damu za chaza kumi kuwa sampuli moja. Nakubali pale ambapo kipimo chenyewe kinadai ujazo mkubwa, lakini gharama yake ijulikane: sampuli hiyo sasa ni mnyama mmoja kwenye hesabu za takwimu, si kumi.

Damu ya chaza haigandi kama ya kaa, seli zinashikana tu. Kwa sababu hiyo maabara nyingine hazitumii dawa yoyote zaidi ya barafu, na kwa kazi fupi inatosha. Ikibidi, myeyusho wa Alsever uliorekebishwa kwa chumvi ya bahari, wenye glukosi, sitrati na EDTA, unafanya kazi vizuri. Uondoe mapema, maana EDTA ikibaki seli hazitashika sahani, na ile glukosi ni karamu ya kuvu.

Na hapa ndipo chaza anapokuwa mgumu kuliko nungunungu: hata akiwa mzima, damu yake ina bakteria, vibrio wakiwemo. Hautoki kwenye chombo kisafi. Msugue gamba, mpake spiriti mahali pa sindano, muweke kwanza siku moja mbili kwenye maji ya bahari yaliyochujwa ili atoe uchafu, kisha tumia penisilini na streptomaisini pamoja na dawa ya kuvu. Pamoja na hayo yote bado utapoteza baadhi ya sahani. Panga visima vya ziada tangu mwanzo.

Kuna anayefikiria kombe badala yake, Anadara antiquata, kwa kuwa akina mama wa Unguja wanamwokota kwa wingi na ni mkubwa zaidi. Afahamu kwamba damu ya kombe ni nyekundu kweli: ana seli zenye hemoglobini, nazo ndizo nyingi. Seli za kinga utalazimika kuzitafuta katikati ya hizo, na hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya chaza hazitakufaa. Kwa swali la usafirishaji wa oksijeni ni mnyama wa kuvutia. Kwa kinga, chaza ni mwepesi zaidi.

Kaa wa mikoko: dakika ya kwanza ndiyo yote

Kaa anatoa damu nyingi. Sindano inapita kwenye utando laini wa kiungo cha mguu wa nyuma na mililita mbili tatu zinakuja mara moja. Wanenepeshaji wa kaa wapo Kenya na Tanzania, kwa hiyo unaweza kupata wanyama wanaojulikana walikokaa na walichokula, faida ambayo mwamba hauwezi kukupa. Mfunge magando, mlaze kwenye barafu hadi atulie.

Ugumu ni kwamba seli zake zimeumbwa kupasuka. Kaa akijeruhiwa, damu yake huziba jeraha papo hapo kwa kuganda, na seli zenye chembechembe humwaga mfumo wa vimeng'enya wa profenoloksidasi unaoishia kwenye melanini, rangi nyeusi. Kinachoufyatua ni vipande vya kuta za bakteria na kuvu, kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana sampuli iliyochotwa vibaya inageuka hudhurungi, kisha nyeusi, ukiitazama.

Dawa iliyodumu ni ile ya Kenneth Söderhäll na Valerie Smith ya mwaka 1983: chumvi molari 0.45, glukosi molari 0.1, sitrati ya sodiamu milimolari 30, asidi ya sitriki milimolari 26, EDTA milimolari 10, kwa pH 4.6. Tazama hiyo pH. Nungunungu na chaza wanataka karibu na 7.5, kaa anataka tindikali, kwa sababu katika hali hiyo seli zake zinachelewa kufyatuka. Mtu anayetumia dawa ya chaza kwa kaa atapata utelezi na seli zilizovunjika, kisha atailaumu sentrifuji.

Vyombo navyo vina neno. Otoklevu, chombo cha kuua wadudu kwa mvuke, inaua bakteria lakini haiondoi endotoksini, vile vipande vya kuta vinavyobaki kwenye glasi. Vyombo vya glasi vya kazi ya kaa viingie kwenye oveni kavu ya nyuzi 250 kwa dakika 30, au utumie plastiki iliyothibitishwa kuwa haina endotoksini. Unyeti huu wa seli za damu ndio uliozaa kipimo cha Limulus, mnyama wa pwani ya mashariki ya Marekani aliye jamaa wa buibui na nge: damu yake inaganda ikikutana na endotoksini, na kipimo hicho kilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1977. Kaa wako anafanya kazi ileile bila kuombwa.

Ukivuka dakika hizo, unapata kitu ambacho wengine hawakupi: aina tatu za seli, zisizo na chembechembe, zenye chembechembe chache na zenye nyingi, zinazotengana vizuri kwenye mteremko wa Percoll, kimiminika kizito kinachotenganisha seli kwa uzito wake zikizungushwa. Kila moja ina kazi yake, na unaweza kuiuliza peke yake. Percoll ni ghali na inabidi iwekwe chumvi ilingane na damu ya mnyama, lakini kwa kaa inalipa. Kwa nungunungu naona kutenganisha kwa kushika kioo kunatosha kazi nyingi: acha fagositi zishike, osha zisizoshika, endelea.

Sababu ya kujitia katika taabu hii ni ugonjwa. Kirusi cha madoa meupe kiliingia kwenye mashamba ya kamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka uliofuata, na kaa wa mikoko anaweza kukibeba. Kirusi hicho kinawaua jamii ya kamba na kaa, hakimsumbui binadamu, na swali lake haliwezi kujibiwa kwa seli za nungunungu hata ziwe nzuri namna gani.

Jongoo bahari yuko karibu na nungunungu kwa maumbile ya seli, lakini akishtuka mara nyingi anatapika matumbo yake, na bei yake sokoni imeshampunguza baharini. Mwenye shamba la Holothuria scabra jirani anaweza kujaribu. Mwingine amwache.

Chumvi, na kosa la PBS

Hili linawahusu wote watatu na ndilo linaloua seli nyingi kwa wanaotoka kwenye kazi za panya au binadamu. Maji ya bahari yana osmolariti, yaani wingi wa chumvi na vitu vilivyoyeyuka, ya karibu miliosmoli 1000 kwa lita, damu ya binadamu karibu 300. PBS ya kabatini, ule myeyusho wa chumvi na fosfeti wa kuoshea seli, ni ya binadamu. Ukiosha seli za chaza kwa PBS zinavimba na kupasuka, na hata rangi ya tripani ya buluu, inayoingia seli zilizokufa tu, ikiyeyushwa ndani yake itakuonyesha seli zilizokufa ambazo dakika moja kabla zilikuwa hai. Yeyusha kila kitu kwenye maji yenye chumvi sawa na ya mnyama.

Lakini sawa na ya mnyama yupi? Nungunungu anafuata bahari na hastahimili maji ya mvua, kwa hiyo namba yake inabadilika kidogo. Chaza naye anafuata maji, ila anaishi hata kwenye mkono wa bahari unaopokea mto, na wakati wa masika damu yake inashuka pamoja na maji hayo. Myeyusho uliofaa mwezi wa Februari unaweza kuziumiza seli zake mwezi wa Mei. Kaa kwenye maji mepesi anashikilia chumvi ya damu yake juu ya ile ya maji, kwa hiyo kupima maji hakutoshi, pima damu. Kifaa cha kupimia osmolariti kipo katika hospitali nyingi kubwa, na mkuu wa maabara akiombwa kwa adabu huwa anakubali.

Maji ya kukuzia na joto

L-15 ya Leibovitz ndiyo ninayoipendekeza kwa wote watatu, kwa sababu moja ya wazi: haihitaji inkubeta ya kaboni dioksidi. Kwa maabara ambayo umeme unakatika, hilo peke yake linamaliza mjadala. Irekebishwe chumvi. Kichocheo kinachotumika sana kwa chaza na kome kinaongeza kwa kila lita sodiamu kloridi gramu 20.2, potasiamu kloridi 0.54, kalisiamu kloridi 0.6, magnesiamu salfeti 1 na magnesiamu kloridi 3.9. Kwa nungunungu anza bila kuongeza kalisiamu, uone kama zinashikana. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22.

Seramu ya ndama nisingeianza. Ni ghali, imetoka kwa mnyama wa mbali kabisa, na faida yake kwa seli hizi haitabiriki. Plazma ya mnyama mwenyewe, iliyozungushwa na kuchujwa, mara nyingi inatenda vizuri zaidi kwa asilimia ndogo, isipokuwa ya kaa, ambayo inaweza kuganda na kuwa nyeusi hata bila seli.

Joto ni jambo ambalo maandiko ya Ulaya yanaweza kukupoteza. Nyuzi 15 hadi 18 ni za kome wa Atlantiki. Wanyama wetu wanaishi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na seli zao ziwekwe karibu na 25. Bei ya joto hilo ni bakteria wanaokua haraka. Chota kwenye barafu, zungusha kwa nyuzi 4 kwa nguvu ya g 300 hadi 500, kisha ndipo uzirudishie joto.

Vibali na mgeni wa wiki ya tatu

Utafiti wa namna hii unahitaji kibali cha tume ya sayansi ya nchi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na kwenye hifadhi za bahari ruhusa ya ziada hata kwa nungunungu mmoja. Anza mapema, msimu wa bamvua haumsubiri mtu.

La mwisho linahusu zaidi kaa, na chaza pia akichukuliwa karibu na mikoko. Majani ya mikoko yanayooza yamejaa traustokitridi, viumbe vya seli moja vya duara, vinavyostahimili antibayotiki kwa kuwa si bakteria. Vikiingia kwenye sahani vinakaa kimya siku za kwanza, kisha vinaanza kugawanyika, na kwenye hadubini vinafanana mno na seli za mnyama. Watafiti wakubwa wamewahi kuvikuta ndani ya kilichodhaniwa kuwa ukoo mpya wa seli. Baruch Rinkevich wa Haifa na wenzake wameandika juu ya tatizo hili kwa kirefu, baada ya kuvitenga kutoka kwa viumbe wa baharini waliokuwa wakijaribu kukuza seli zao. Kwa hiyo seli zako za chaza zikianza kuongezeka kwa nguvu wiki ya tatu, usitangaze chochote. Chukua sehemu yake, toa DNA, soma jeni ya 18S, inayotumika kutambua aina ya kiumbe, na uilinganishe na ya mnyama uliyemchota damu.